Nimeonyesha muvi bandani, wateja wamegawanyika, wengine wanadai hela yao. Nifanyeje?

Projekta wa Ifakara
Wakuu salaam. Naomba ushauri wa haraka, na wale wa matusi leo mnipitie mbali, kichwa hakiko sawa.

Nina banda la video huku Ifakara. Mabenchi, skrini ya inchi 55, subufa, feni mbili. Siku za mechi watu wanajaa mpaka dirishani. Siku zisizo na mechi naweka muvi, kiingilio 500. Kuna mwalimu wa sekondari ni mteja wangu wa siku nyingi, akaniletea flashi, akasema safari hii nionyeshe kitu cha maana, siyo kila siku mapanga na helikopta. Muvi inaitwa Mulholland Drive, ya 2001, mwongozaji ni Mmarekani David Lynch, yule aliyefariki Januari 2025. Mwalimu akaniambia mwaka 2016 BBC waliwauliza wahakiki 177 kutoka nchi 36, na hii ndiyo iliyoshika namba moja kwa filamu za karne hii. Nikachukua chaki, nikaandika ubaoni: LEO FILAMU NAMBA MOJA YA KARNE YA 21. Watu wakaja, hadi akina mama wakaja, kitu ambacho kwangu ni nadra.

Ikaanza vizuri. Usiku, limuzini nyeusi inapanda mlima, nyuma amekaa dada mrembo, gari linasimama, jamaa wa mbele anamgeuzia bastola, mara wanatokea vijana wanashindana magari, puu! Dada anatoka kwenye moshi mzima ila hajui hata jina lake. Banda zima kimya, mpaka muuza karanga kasimama. Kufika mwisho ndiyo balaa. Nusu wanasema nimewatapeli, wengine wanadai nilibadilisha muvi katikati, wanataka 500 yao. Nusu nyingine wanasema hawajawahi kuona kitu kama kile, na mpaka leo wako kijiwe cha bodaboda wanabishana ule ufunguo wa bluu ni wa nini. Wawili wameshashikana mashati.

Nirudishe hela, au nikaze?

Kobe Mwendokasi
Nimekaa siti ya mbele. Karanga ninazo.

Shangazi Mkavu
Rudisha hela za watu. Mia tano siyo ya kukuharibia jina mjini.

Ila na hao wateja wako nao wamezoea vya kutafuniwa. Enzi zetu, Drive-in pale Msasani, ulipo ubalozi wa Marekani sasa, tulikuwa tunaangalia muvi za Kihindi na kwenye gari letu hakuna aliyejua neno moja la Kihindi. Tunalia mpaka kamasi. Njia nzima ya kurudi mama anasimulia upya na kila mtu anamsahihisha: siyo mdogo wake yule, ni mtoto wa kambo. Baba anaendesha, hasemi kitu, tukifika nyumbani ndiyo anatangaza kwamba alilala tangu wimbo wa pili. Hakuna aliyewahi kwenda dirishani kudai hela. Basi, mmenikumbusha mbali.

NusuBei
Hela ikishaingia bandani haitoki. Mimi nauza mitumba Manzese, mteja akishalivaa shati akafika nalo barabarani, hilo ni lake na ukoo wake. Ukirudishia mmoja kesho wanakuja hata ambao hawakuingia.

Ustadhi wa Mtaa
Kabla ya hela, una kibali? Bodi ya Filamu ipo kwa sababu. Mtu anakuletea flashi tu na wewe unawawekea watu bila kujua ndani kuna nini. Halafu tukisema vijana wanaharibika mnasema tunawaonea.

Mzee wa Mikanda
Mleta uzi, huo mgawanyiko haukuanzia Ifakara. Cannes ya 2001 walimpa Lynch tuzo ya mwongozaji bora, akagawana na Joel Coen. Kule Marekani Roger Ebert, ambaye miaka mingi alikuwa haivi na kazi nyingi za Lynch, hii akaipa nyota nne. Rex Reed naye akaiponda bila huruma. Watu wazima, kazi yao ni kuangalia muvi na wanalipwa mshahara, hawakukubaliana. Sembuse bodaboda.

Wanaoipenda wengi wanaisoma hivi. Karibu saa mbili za mwanzo ni ndoto. Mwotaji anaitwa Diane, amekuja Hollywood kutafuta uigizaji, hakufika kokote. Alikuwa na mpenzi, mwigizaji mwenzake Camilla, ambaye ng'ombe wake walizaa, akapata nafasi, akapata na mwongozaji wa kumuoa, akamwacha. Sasa ndotoni Diane anajipa jina la Betty. Betty ni mchangamfu, ana kipaji, anafikia nyumba nzuri ya shangazi yake. Na Camilla anamjia amepoteza kumbukumbu, hana kwa kwenda, anamtegemea yeye kwa kila kitu. Unaona alivyojipangia? Hata yule mwongozaji ndotoni anapigwa na kudhalilishwa mpaka anafukuzwa kwake. Diane akiamka ndiyo unauona ukweli: gauni la kuogea limechakaa, macho mekundu, na mezani ufunguo wa bluu. Huo muuaji aliyemkodi alimwambia ataukuta kazi ikishakwisha.

Wasioipenda wanasema mwenye muvi alikosa mwisho akatutupia vipande. Nao wana pa kushika. Ilianza kama kipande cha majaribio cha tamthilia ya televisheni, ABC wakaikataa 1999, baadaye hela ya Wafaransa wa StudioCanal ndiyo ikamwezesha kurudi kupiga picha nyingine na kuifunga. Wapelelezi mnaowaona mwanzoni hawarudi tena. Walikuwa wanasubiri tamthilia ambayo haikuja.

Sasa swali langu. Mtu aliyeiona nzima anaweza kusema haelewi, anaweza kusema ni upuuzi, ila hasemi umebadilisha muvi, kwa sababu pale inapogeuka unapaona kwa macho yako. Ulionyesha dakika zote 147?

Projekta wa Ifakara
Nilionyesha mkuu. Palitokea vitu vidogo vidogo vya kiufundi, ila muvi ilifika mwisho, majina yakapanda. Mimi nataka kujua suala la hela tu.

Mbeba Maboksi
Mimi niko Los Angeles. Mulholland Drive ni barabara kweli jamani, inapita juu ya mgongo wa vilima, kona juu ya kona, chini unaona taa za mji hazina mwisho. Niliwahi kufanya kazi ya kupeleka chakula usiku kule. Majumba yana mageti, mageti yana kamera, unaongea na kidude ukutani. Kuna mteja alikataa kutoka, akasema niache chakula chini, nikaacha, kisha akalalamika kwamba hakikufika. Nikakatwa hela yangu. Hiyo muvi sijaiangalia, ila kwa barabara ile naamini lolote.

Shangazi Mkavu
Pole mwanangu. Ulikula kwanza lakini?

Mzee wa Mikanda
Projekta, vitu vidogo vidogo gani? Wateja wako walimwona yule mwanamke anayeimba jukwaani mpaka anaanguka?

Projekta wa Ifakara
Mwanamke gani?

Kobe Mwendokasi
Uwiiii.

Kitasa
Ndiyo kawaida ya humu. Mtu anakuja analia anataka ushauri, lenyewe lililomleta kalificha chini ya mkeka. Sema, mzee.

Projekta wa Ifakara
Sawa. Mmetaka wenyewe.

Siku ile mle ndani alikuwepo mke wa mwenyekiti wa mtaa, walikuwepo mama zangu wawili wa Jumuiya, na watoto waliojipenyeza chini ya benchi la nyuma ambao huwa nawafukuza wanarudi. Imefika saa moja na nusu na ushei, wale dada wawili wanaingia kitanda kimoja. Nikadhani wanalala. Hawalali. Nikashika rimoti nikarusha mbele. Rimoti yenyewe vitufe vimezama, ukibonyeza inang'ang'ania, kuja kuachia namwona jamaa wa kofia ya kauboi kasimama mlangoni anamwambia msichana aamke. Nikaacha hapo hapo. Ningerudisha nyuma ningetua kitandani tena, mke wa mwenyekiti ananiangalia.

Mtu mzima mwenye banda angefanya nini? Na aliyesema nina kibali au sina, si ndiyo huyu huyu angekuwa wa kwanza kunishitaki nisingeruka?

Ustadhi wa Mtaa
Hapo kwa kuruka nakupa haki yako. Ungeruka na zilizobaki.

Mzee wa Mikanda
Ngoja nikae chini.

Sikiliza ulichowanyima. Baada ya hapo kitandani, saa nane usiku, yule asiye na kumbukumbu anaongea usingizini kwa Kihispania. Mwenzake anamwamsha, naye anavaa nywele bandia za dhahabu, wanachukua teksi kwenda kwenye ukumbi wa ajabu, viti vichache vina watu. Mtu jukwaani anawaambia kila mnachosikia hapa kimerekodiwa. Anatokea mpiga tarumbeta, anaiondoa mdomoni, sauti inaendelea. Amewaonya kabisa. Kisha anaingia Rebekah Del Rio, mwimbaji wa kweli, chini ya jicho kachorewa chozi, anaimba wimbo wa Roy Orbison kwa Kihispania, hakuna hata ala moja, koo tupu. Wale dada wanalia, na wewe mtazamaji unalia ingawa umeshaambiwa ni rekodi. Halafu anaanguka puu, anabebwa, na wimbo unaendelea bila yeye. Betty anafungua mkoba wake, anakuta kasanduku ka bluu. Wanarudi nyumbani. Yule mwingine kugeuka, Betty hayupo chumbani. Anachukua ufunguo, anafungua, kamera inazama ndani ya giza la sanduku, sanduku linadondoka kwenye zulia. Baada ya hapo ndiyo anakuja kauboi wako.

Kwa hiyo vijana wako kijiweni wanapigania ufunguo wa sanduku ambalo hawajaliona likifunguliwa. Waliowaambia watu kwamba umebadilisha muvi ndio pekee mle ndani waliokuwa macho. Umewapitisha kutoka Betty hadi Diane, sura ile ile, jina jingine, nyumba nyingine, bila mlango. Na nikuongezee: DVD ya kwanza ya Marekani Lynch aliitoa bila kuigawa vipande vya kurukia, kusudi mtu asirukeruke. Aliogopa watu kama wewe.

Dada wa Makorora
Naomba kumtetea mleta uzi. Mimi nimeiona nzima, sijarushiwa hata sekunde, na pale alipoamka Diane nilimuuliza mume wangu kama amekalia rimoti. Tukarudisha nyuma kuhakikisha. Sasa kama sisi wenye nzima na wao wenye kipande tunalalamika jambo lile lile, mteja atathibitishaje kwamba kutoelewa kwake kumetoka kwenye rimoti na hakukutoka kwa Lynch?

Halafu mnaacha kitu cha maana. Kile kipande cha mwanzoni cha mgahawani, jamaa anamsimulia mwenzake ndoto mbaya mchana kweupe, kuna mtu nyuma ya jengo, wanatoka kwenda kuangalia polepole, kona ile... Mimi nilimwaga chai kwenye kochi. Lilishafuliwa, doa liko palepale. Kipande kile peke yake ni 500.

NusuBei
Umeongea kisheria dada. Hakuna ushahidi, hakuna kurudisha.

Mzee wa Mikanda
Dada wa Makorora, hoja yako inaniudhi kwa sababu siwezi kuijibu.

Ila kuna haki ya mtazamaji. Kutoelewa kitu kilichowekwa mbele yako ni jambo moja, kunyimwa kitu ukaachwa ujione mjinga ni jingine. Mama aliyekwenda nyumbani akidhani akili yake imegota, anastahili kuambiwa. Ushauri wangu: waite wote bure, waonyeshe nzima. Watoto wakalale.

Projekta wa Ifakara
Hilo la bure sasa hivi haliwezekani mkuu.

Mzee wa Mikanda
Kwa nini?

Projekta wa Ifakara
Kwa sababu ubaoni kuna tangazo. Vijana walivyokuwa wananikaba wanauliza imeishaje, nikawaambia watulie, kuna SEHEMU YA PILI, Ijumaa, kiingilio 1,000. Wameshalipa wengi tu, na hela nimemlipa fundi feni.

Msiniangalie hivyo. Bongo muvi zinakatwa sehemu ya kwanza na ya pili kila siku, mtu ananunua zote mbili, mbona hamtukani? Na Mzee wa Mikanda mwenyewe kasema ilikuwa iwe tamthilia. Tamthilia si ndiyo sehemu za pili na za tatu? Mpango wangu ni kuanzia pale ukumbini hadi mwisho. Ile ya kitandani naiacha ilipo.

Kobe Mwendokasi
Jamaa kauza sehemu ya pili ya muvi isiyokuwa na sehemu ya pili. Lynch angekuajiri.

Shangazi Mkavu
Kwa hiyo mtu alitoa 500 akaona kipande, sasa anatoa 1,000 aone kipande ulichomkata mwenyewe? Mwanangu, wewe hukuja kuomba ushauri. Ulikuja tukupigie makofi.

Dada wa Makorora
Mimi ningelipa. Ila kwenye ile DVD kulikuwa na karatasi ya dondoo kumi za Lynch mwenyewe: angalieni kifuniko chekundu cha taa, nani anatoa ufunguo na kwa nini, shangazi Ruth yuko wapi. Chapisha, bandika mlangoni. Angalau watu wawe na cha kushika.

Mzee wa Mikanda
Na kwa haki niseme na hili: kwenye DVD hiyo hiyo Lynch alimtia ukungu Laura Harring, anayeigiza Camilla, kwenye kipande hicho cha kitandani, maana alijua picha zitazagaa.

Projekta wa Ifakara
Kumbe hata mwenye muvi alificha! Asante mkuu, hapo umenimalizia kesi.

Mzee wa Mikanda
Sijakumalizia kitu. Yeye alificha mwili, wewe umeficha dakika kumi na tano.

Kitasa
Samahani kwa kuingilia, mimi nasoma kuanzia juu na kuna kitu kinanikereketa. Hii ni chai.

Moja, muvi ya saa mbili na nusu kwa Kiingereza, haijatafsiriwa, na banda zima limekaa kimya? Huku kwetu bila mtafsiri anayeongea juu ya muvi watu wanaondoka dakika ya kumi. Hata DJ Afro, yule Mkenya msimuliaji wa muvi, hii angeishia kuguna. Pili, mtu anayesema hajui mwanamke jukwaani ni nani, amekumbuka wahakiki 177 na nchi 36 kama anasoma karatasi. Tatu, nimepekua nyuzi zake. Mwaka jana huyu huyu, akaunti hii hii, alileta uzi anaomba ushauri kuhusu kitalu chake cha miche ya parachichi Njombe, akasema hajawahi kuishi nje ya Njombe maishani. Leo ana banda Ifakara na feni mbili.

Uzi bila picha ya ubao ni uongo. Weka picha.

Kobe Mwendokasi
Chai ya tangawizi hiyo.

Ustadhi wa Mtaa
Nilishahisi. Mke wa mwenyekiti hawezi kuingia banda la video.

NusuBei
Kwa hiyo nimetoa ushauri wa kisheria bure?

Projekta wa Ifakara
Mwalimu aliniandikia hizo namba nyuma ya daftari, nimenakili. Kutafsiri, mwalimu alikuwa anatafsiri kwa maiki, nilisahau kusema. Picha siwezi kuweka, ubao mvua imeufuta. Na kuhusu Njombe, akaunti hii tunatumia wawili, mimi na kaka yangu.

Kitasa
Kila anapobanwa anaongezeka mtu. Kwanza mwalimu mleta flashi, sasa mwalimu mtafsiri, sasa kaka.

Dada wa Makorora
Jamani hamjaona? Saa mbili za mwanzo ni mtu wa Ifakara, ana banda, watu wanamjali, mke wa mwenyekiti anamtembelea. Halafu Kitasa anafungua sanduku, tunamkuta Njombe na miche. Sura ile ile, jina jingine. Mwenye banda ni ndoto ya mwenye kitalu.

Mzee wa Mikanda
Na kauboi ni Kitasa. "Amka, dada."

Shangazi Mkavu
Mimi ninaamini banda lipo. Mtu hawezi kuitunga ile rimoti.

Mbeba Maboksi
Nimeitafuta muvi nimeiangalia leo baada ya kazi. Ile njia kweli ndiyo ile. Yale mengine yote sijui nimeangalia nini, ila wale wazee wadogo wanaopita chini ya mlango sitalala leo. Projekta, wateja wako waliwaona wale wazee?

Projekta wa Ifakara
Waliwaona. Mama mmoja alitoka hapo hapo, kiatu alikifuata asubuhi.

Kitasa
Kiatu rangi gani?

Nyanda wa Kahama
Habari zenu wote. Uzi mrefu sijasoma wote. Aliyetajwa kuwa na miche ya parachichi Njombe, Hass bado ipo? Nahitaji kama 200.

Projekta wa Ifakara
Ipo mkuu. Imebebeshwa vizuri, ina miezi saba. Njoo inboksi tuongee bei na usafiri.